Mshale Ulivyonikimbia Mbele ya Wakwe

Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikianza kusimulia sitaki mtu anikatize: mimi, bibi mzima wa hapa Kirushya, Ngara, ninayepewa kiti cha mbele hata kanisani, nilijivua nguo mbele ya wakwe bila kugusa kifungo. (Nguo za heshima nasema, msinifikirie vibaya.)

Mjukuu wangu Edita, niliyemlea mwenyewe tangu ameachishwa ziwa, kasoma ualimu akamaliza, na laptop anayo. Basi mchumba wake, kijana wa Kaniha, kule Biharamulo, akaleta habari kwamba wazee wake wanakuja kuposa. Nikasema hao lazima waone picha za mahafali, wajue hawachukui mtoto wa kuokota, na nitawaonyesha mimi kwa mkono wangu, kwa sababu siku ya posa binti anafichwa chumba cha ndani na shangazi zake, hatoki mpaka aitwe. Edita akanifundisha. Kuna kile kibao cha kupapasa kwa kidole, ukipapasa mshale unakwenda unakotaka, lakini vidole vyangu vina sugu za jembe, napapasa, napapasa, mshale unatambaa kama konokono mwenye mimba. Edita akaingia kwenye mipangilio, akanionyesha mstari wa kasi, kushoto taratibu, kulia mbio, akausogeza kidogo.

"Hapo panakutosha, Bibi. Usiuguse tena, maana ukiharakisha kidole, mshale nao unazidisha mbio."

Panatosha wapi! Asubuhi ya posa, Edita akiwa anasukwa, nikaingia mwenyewe, nikausukuma ule mstari mpaka mwisho wa kulia. (Nilijiona fundi.) Kujaribu sikujaribu, nikaenda zangu kumenya ndizi.

Wageni wakaja, wakaketi, kaka yangu Baltazari, ambaye ndiye msemaji wetu, akamaliza maneno yake marefu, nami nikaweka laptop juu ya stuli na kuiunganisha na spika ya kwaya niliyoazima, ili nyimbo za mahafali zisikike vizuri. Nikagusa. Mama yangu! Mshale ukaruka kona hii mpaka kona ile, nikaufukuza ukapitiliza, nikaurudisha ukapitiliza tena, nikabonyeza kwa hasira popote ulipo, ikafunguka video.

Si ya mahafali. Ni ile Edita aliyonirekodi jikoni nikiwaigiza hao hao wakwe, ambao hata sijawaona, kwa kusikia tu kwamba kwao bila ugali hujala! Nimejaza kanga tumboni niwe mnene, natazama sahani ya ndizi na maharage, nasema kwa sauti nzito: "Mboga tumeshaiona, sasa chakula kiko wapi? Leteni ugali, tena sufuria nzima!" Kwenye spika ya kwaya, jamani. Walisikia mpaka mbuzi.

Nikatafuta ile alama ya kufungia, iko juu pembeni, kila nikiikaribia mshale unavuka, mara ukagusa sijui wapi, video ikarudi mwanzo. "Leteni ugali!" kwa mara nyingine. Pazia la chumba likatikisika, Edita analia kwa ndani: "Bibi, kunja hiyo laptop! Ikunje!" Kutoka haruhusiwi, na mimi akili imeshahama, badala ya kukunja nikavua kitenge cha begani nikaifunika nacho. Picha ikapotea, sauti ikabaki. Baltazari akainuka akaikunja yeye, akaninong'oneza, "Dada, umemharibia mtoto." Na kweli, hao wakiondoka kwa hasira, Edita nitamtazama kwa macho gani?

Akasimama bibi yake bwana harusi, Bibi Kabula, mwanamke mwenye mwili wake, akanikazia macho.

"Nani kawaambia?"

"Kutuambia nini, mama?" nikauliza.

"Niliyosema njiani! Nilisema Ngara tutapewa ndizi tu, nikawasimamisha wote kwa mama ntilie, tukala ugali kwanza, ndiyo tukaja."

"Mama!" akaruka mwanawe, baba wa kijana. "Si tulikubaliana usiseme?"

"Sasa nifiche nini, na huyu ameshaniweka kwenye kompyuta?" Akanigeukia. "Ila sauti umeikosea, mwenzangu. Ya kwangu ni nzito zaidi."

Alicheka yeye kwanza, wakafuata wa Kaniha, kisha nyumba nzima, na mimi nikashusha pumzi mpaka nikakaa chini sakafuni kama mtoto. Edita akaitwa, akatoka macho mekundu, akaulizwa kama anawajua wageni hawa, akasema anawajua, tukapiga vigelegele. Na Bibi Kabula ndizi alikula, akaongezewa.

Edita sasa ni mke wa watu, salama kabisa, asante Mungu. Laptop naigusa bado, msidhani nimeogopa, lakini nimeapa: nikibadilisha mwendo wa kitu chochote, nitakijaribu kwanza nikiwa peke yangu, mlango nimefunga, na spika ya watu nimeirudisha. Na wakwe siwaigizi tena. (Nikiwaigiza, hakuna kurekodi.)