Kiatu Kwenye Kichwa cha Nyoka

Nikikumbuka lile tangi bado nafura, na sitaki kuambiwa nitulie.

Mimi ni mchoraji wa mabango hapa Voi. Kinyozi akitaka vichwa ukutani, mwenye bucha akitaka ng'ombe anayecheka, wananiita mimi. Kwa hivyo kamati ya maji ilipojenga tangi kwenye chemchemi ya kijijini kwetu Ronge, kule milimani, nikapewa kazi ya kulipamba. "Chora kitu chochote cha hapa kwetu," mwenyekiti akasema. Chochote! Alisema mwenyewe kwa mdomo wake.

Nikachora nyoka wa nyanya yangu. Tangu tukiwa wadogo alitueleza kwamba chemchemi ile ina mwenyewe, nyoka mkubwa, na maji ni yake, sisi tunagawiwa tu. Hukati mti pale. Hufui nguo pale. Na ukifika kwenye yale mawe unavua viatu, uwe nani, uwe nani. Nyanya haachi kwenda kanisani, na viatu bado anavua. Siku hizi macho yake yamefifia, hashuki chemchemini bila kushikwa mkono, na yeye ndiye aliyeniomba: "Nichoree huyo nimwone, kabla macho hayajaniacha kabisa."

Nikamzungusha tangi lote, kijani na hudhurungi, kichwa chake karibu na bomba. Alipendeza, wacha niseme ukweli.

Jumapili iliyofuata, kabla sijamleta Nyanya, mwenyekiti, ambaye pia ni mzee wa kanisa, akasimama mbele ya watu kanisani. "Tunywe maji ya Shetani? Shindwe!" Watu wakaitikia. Akaniita nje akanipa masharti: nimfute kwa rangi nyeupe, au nichore mguu wa Mkombozi ukimponda kichwa.

"Mzee, huyu si yule wa Edeni," nikasema. "Huyu analinda maji."

"Nyoka ni nyoka, msichana wangu."

Nikakataa katakata. Wakaleta fundi mwingine, akachora mguu mkubwa uliovaa kiatu cha ngozi cha mikanda, kile cha kwenye picha za Sunday school, umekanyaga kichwa nilichokihangaikia siku nzima. Nikaona aibu kumpeleka Nyanya. Kila akiniuliza nasema rangi haijakauka.

Hayo ningeyameza. Lakini mwezi uliopita mwenyekiti huyo huyo akanipigia simu. Anajenga vyumba vya watalii huku Voi, karibu na geti la mbuga. "Fundi, nataka yule nyoka wako langoni. Kama alivyokuwa mwanzo, bila mguu. Wazungu wanapenda utamaduni."

Ebo! "Si ulisema ni Shetani?"

"Yale yalikuwa mambo ya kanisa, haya ni biashara. Usiwe mgumu hivyo."

Yaani kule alaaniwe, huku akaribishe wageni! Na Nyanya, ambaye ndiye aliyetupa huyo nyoka, hakuna aliyemuuliza kitu. Nikamwambia mwenyekiti nitafikiria, maana matusi yaliyokuwa mdomoni hayasemwi kwa mtu wa umri wake.

Jumamosi, nimechoka kumdanganya Nyanya, nikapanda Ronge, nikamshika mkono hadi chemchemini. Habari ya mguu nilishindwa kumwambia njia nzima. Akavua patipati zake kwenye mawe, akasogea hadi uso ukakaribia kugusa ukuta, akaanzia mkiani. Akaufuata mwili polepole kwa kidole, akitabasamu. "Eeh, ndiye. Ndiye kabisa." Alipofika kichwani, kidole kikasimama.

"Mguu wa nani huu?"

Hasira ikanipanda upya. "Wa mwenyekiti, Nyanya."

Akaupapasa hadi kwenye ile mikanda. "Na amevaa viatu."

"Amevaa."

"Mpigie. Mwambie avue."

Nikapiga papo hapo. Mwenyekiti akapokea akicheka, akidhani ni habari ya lango lake. Nikampa Nyanya simu.