Kata Nane kwa Siku

Kovu ninalo hadi leo, chini ya kitovu. Wanawake wenzangu wakiliona wananiuliza ni la mtoto yupi. Nawajibu si la mtoto, ni la kilo nane, na pombe ya mtama ilihusika. Wakianza kucheka nawaambia wakae chini, maana habari yenyewe si fupi.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Simiyu wakati huo ulikuwa mto, haujawa mkoa, na sisi wa Bariadi bado tulihesabiwa watu wa Shinyanga. Nilikuwa nafundisha hesabu darasa la sita. Nilikuwa na kilo tisini na tatu, na uvimbe tumboni ulionitoa damu kila mwezi mpaka nikawa nafundisha nimekaa. Kilo hazikunisumbua. Ng'ombe haelemewi na nunduye, na kwetu mwanamke mnene ni heshima ya mumewe. Kukonda ndiko kulikuwa kesi. Miaka ile ukipungua mashavu tu, majirani walianza kukuhurumia kwa sauti ya chini, na kila mmoja alikuwa ameshaujua ugonjwa wako.

Lakini damu ilinichosha, nikapanda lori kwenda hospitali ya misheni. Daktari wa upasuaji alikuwa anakuja mara moja kila miezi mitatu. Alinipandisha kwenye mizani, akaandika 93 kwenye kadi yangu, akakunja uso.

"Mafuta haya siwezi kuyapita kwa usalama," alisema. "Punguza kilo nane. Ugali nusu ya unaokula sasa, na maji glasi nane kila siku. Septemba ukija na themanini na tano, nakupasua. Ukizidi, sikugusi."

Glasi nane! Yeye alilala kwenye nyumba yenye tangi la mvua. Sisi Juni ikishaingia maji tulikuwa tunayachimba kwenye mchanga wa mto, tunapokezana na ng'ombe, na yanayopatikana yana chumvi na rangi ya chai. Uyachote, uyachuje, uyachemshe, kisha uyanywe glasi nane, na ladha yake ni ileile ya kwato. Siku ya kwanza nilimaliza glasi tatu. Siku ya pili mbili. Siku ya tatu nilikaa jikoni nikakasirika kabisa, na hasira ndiyo iliyonipa akili, au niliyodhani ni akili.

Nyuma ya nyumba yetu alikaa mama mmoja mjane, mpika pombe ya mtama. Pombe yake nilikuwa naijua toka inapoanza. Maji yake yalichemka kutwa, yakachujwa kwa kitambaa safi kuliko shuka zangu. Nikajiuliza: kama daktari anataka maji yaliyochemshwa, haya ni nini? Nikachukua kata yake ya kibuyu, nikaipima kwa glasi ya nyumbani. Kata moja ilijaza glasi moja na kijiko. Mwalimu wa hesabu nikaridhika.

Tena kulikuwa na adabu yake. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele yako, ndipo anakupa kata, uone kwamba haina sumu. Akishaonja wewe ukakataa, umemwita mchawi mchana kweupe. Kwa hiyo kila alasiri nikitoka shule, mama yule alionja, akanipa, nami sikuwa mtu wa kumwita jirani yangu mchawi. Nikirudi nyumbani nachukua chaki niliyotoka nayo shuleni, nachora mistari kwenye mlango wa jikoni. Maji mistari mitatu, mtama mistari mitano. Jumla nane.

Mume wangu alikuwa mkulima wa pamba, mtu wa maneno machache. Aliutazama ule mlango wiki nzima kabla ya kusema.

"Mwalimu, hii mistari ni ya maji ya kisima gani?"

"Mingine ya mtoni, mingine ya jirani."

"Ya jirani si maji."

"Baba watoto, umewahi kuona pombe kavu?"

Alifikiri. "Sijaona. Ila nimeona watu wanalima nayo kutwa bila kula ugali. Kitu kinacholimisha mtu kutwa ni chakula."

Nilimwambia apalilie pamba yake, mwili wangu aniachie mimi. Nayasema haya bila kuona haya. Nilikuwa nimeambiwa nipunguze ugali, nisuke nywele hivi, nikae vile, na kila mtu alikuwa na neno juu ya tumbo langu isipokuwa mimi. Ile mistari ya chaki ilikuwa yangu. Ugali nilipunguza nusu kweli, na njaa niliiona kweli. Kilichobaki nilikihesabu nilivyotaka.

Mwanzoni mwa Agosti nikataka kujua nimefika wapi. Zahanati ilikuwa na mizani ya watoto tu. Lakini mwaka ule walikuwa wameingia wanunuzi binafsi wa pamba, na mmoja wao alifungua kituo karibu na sisi, na mizani yake ilikuwa mpya, ya kuning'iniza, yenye uso mweupe kama saa ya ukutani. Karani wake alikuwa kijana mchangamfu. Nikamwomba. Walifunga gunia ncha nne, wakaniketisha ndani, wakanitundika kwenye ndoano mbele ya foleni nzima, miguu inaning'inia. Heshima yangu ya ualimu niliiacha chini na viatu.

"Themanini na tano!" karani akapaza sauti. "Mwalimu, wewe ni pamba safi ya daraja la kwanza, si fifi!"

Niliruka toka kwenye gunia nikapiga vigelegele mwenyewe. Kilo nane, na mwezi mmoja wa ziada mkononi! Nikamtangazia kila aliyekuwa na masikio kwamba nimepungua kwa pombe ya mtama, na kwamba daktari akija nitamfundisha mimi. Wiki ile wanawake walifika kwa jirani yangu kuanzia saa nane mchana, wengine wameshika chaki. Mama mpika pombe akaanza kupika mara mbili kwa wiki. Mume wangu alifuta jasho, akapakia pamba yake, akaenda kuiuza palepale, maana kituo chenye mizani mipya kilionekana kituo cha watu wakweli.

Septemba nilipanda lori nikiwa nimevaa gauni la harusi ya mdogo wangu. Nilipanda kwenye mizani ya hospitali nikitabasamu.

Daktari alisoma. Akanishusha, akanipandisha tena.

"Tisini na nne," alisema.

"Mizani yako imeharibika."

Alipanda mwenyewe. Akampandisha muuguzi. Haikuwa imeharibika. Akaniuliza maji nimekunywa kiasi gani, nikamwambia glasi nane bila kukosa. Akaniuliza maji ya nini. Nikainama kutafuta viatu vyangu. Aliandika 94, chini yake akaandika Desemba. Miezi mitatu mingine ya damu kabla ya kovu hili.

Nililia njia nzima juu ya magunia ya mchele. Nililia kwa aibu kwanza. Halafu karibu na kufika, machozi yakakauka, nikaanza kufanya hesabu. Sikupungua, basi. Tena nimeongezeka moja. Sasa kile kituo kilipoona themanini na tano, kilo zangu nyingine zilikuwa wapi? Nilikuwa nimezikalia. Zilikuwemo ndani ya gunia pamoja nami. Na kama kilo zangu mimi, mwenye mdomo, zilipotea pale juu, za pamba isiyosema ziliishia wapi?

Kesho yake nilikwenda kituoni na kadi ya hospitali. Foleni ilikuwa ndefu, na mume wangu alikuwemo na gunia lake la mwisho.

"Nitundike," nilimwambia karani.

"Mwalimu, hii si mizani ya watu."

"Mwezi uliopita ilikuwa ya watu."

Alicheka, akageukia radio yake. Ndipo mume wangu alipotoka kwenye foleni, akamwaga pamba yake yote juu ya turubai, akalifunga gunia tupu ncha nne, akalitundika. Wanaume wawili wakamsaidia kuninyanyua. Mkono wa mizani ukacheza, ukatulia. Themanini na sita.

Nikainua kadi. "Jana, hospitali, tisini na nne! Tisini na nne toa themanini na sita?"

Kwenye foleni kulikuwa na wanafunzi wangu wa zamani, sasa wana masharubu. Wakajibu kwa pamoja: "Nane!"

Karani alikuwa mwepesi. "Jamani, si ni huyuhuyu aliyeshangilia hapa kwamba amepungua? Siku ile mizani ilikuwa nzuri, leo imekuwa mwongo?"

Watu wakanitazama. Mama mpika pombe alikuwa amesimama kwa mbele na mtungi wake wa kuuza, na wanawake wenye chaki nyuma yake. Ningeweza kushuka nikaondoka. Wangesema mwalimu amechanganyikiwa na ugonjwa, na kesho wangeendelea kutundika pamba zao. Nikabaki juu pale pale, nimekalia gunia.

"Siku ile ilikuwa mwongo, na mimi nilikuwa mwongo mwenzake!" nilipiga kelele. "Sikupungua hata robo! Nilikuwa nakunywa pombe naandika maji! Daktari amenikataa. Mimi nimejiibia mwenyewe, hilo ni langu. Ninyi mnaibiwa na huyu!"

Kwanza walicheka, na walicheka sana. Nilikiacha kicheko kiishe. Kisha mzee mmoja akaenda kwenye mizani, akaugonga uso wake kwa fimbo, akaupandisha mzigo wake tena kwenye mkokoteni. Baada yake mwingine. Ilipofika saa kumi karani alikuwa amebaki na radio yake. Mume wangu aliikusanya pamba yake kwa mikono, na alipofika kwangu alisema tu, "Shuka sasa, mwalimu."

Jioni ile mama mpika pombe alikuja mlangoni kwangu na mtungi na kata yake. Nilijua nimemharibia. Wanawake wale wa chaki hawangerudi, na mimi ndiye niliyewafukuza.

"Mwadila, mwalimu," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Nisamehe, mama yangu."

"Yaya," alikataa. "Mimi niliuza pombe. Sikusema ni maji."

Akachota, akaonja mbele yangu, akanipa kata. Niliipokea kwa mikono miwili. Kwenye mlango nyuma yangu siku ile kulikuwa na mistari miwili ya maji ya mtoni, na nafasi ya mingine sita. Niliinywa ile pombe yote mpaka mwisho, na chaki sikuigusa.