Nyumba Kwenye Uwanja wa Mpira wa Wavu

Pak Sarkum alikuwa na sauti ya kubebea nyumba. Kwetu kijijini Wanasela, milimani Jawa, nyumba ya mbao ikitakiwa kuhama haibomolewi. Huteremshwa vigae, hufungwa mianzi chini ya mihimili, kisha wanaume wa kitongoji huingia chini yake na kuinyanyua nzimanzima. Lakini hawaendi hata hatua moja bila mtu wa kuwaitia mwendo, na mtu huyo alikuwa Sarkum, tuliyemwita Pak, yaani bwana. Wapo wanaosema walimchagua kuwa mkuu wa kitongoji kwa ajili ya sauti hiyo tu, maana kwa mengine alikuwa mtu wa kawaida: shamba dogo la viazi, pikipiki inayokohoa, mke anayempangia la kusema. Mbele ya wakubwa aliinama mpaka kofia ikakaribia kumwanguka.

Namtaja yeye kwanza kwa sababu ndiye aliyenidhulumu, na sitaki mtu afikiri nilidhulumiwa na mtu mbaya. Mtu mbaya ningekwisha kumsahau.

Mimi nilikuwa nakaa juu kabisa, nyumba ya mwisho kabla ya mlima. Mume wangu alikwenda Kalimantan kwenye mashamba ya michikichi, akapata mke mwingine huko, akanyamaza. Aliniachia nyumba kwa kuwa haikupakilika kwenye meli. Mvua za mwaka ule zilipozidi, ufa ulipita katikati ya jiko langu, na kila nikiamka ulikuwa umepanuka. Sarkum akaja, akachuchumaa, akaingiza mkono ndani ya ufa mpaka kwenye kiwiko.

"Yu Ngatirah," akaniambia, kwa heshima ya kumwita dada mkubwa, "pika wali. Kesho tunaihamisha."

Nikapika, maana mbebaji wa nyumba halipwi, hulishwa. Wakaja wote. Sarkum akaita, nyumba ikashuka mlima kama jongoo mwenye miguu ya watu, ikawekwa kwenye uwanja wa mpira wa wavu, ndiyo ardhi pekee iliyokuwa tambarare na kavu. Ni kwa muda, walisema. Kabla juma halijaisha kiwanja changu kiliporomoka mtoni, jiko la udongo, choo, migomba na yote. Pakabaki shimo jekundu.

Kuishi uwanjani si kuishi. Nguo zangu nilianika kwenye nguzo za wavu na kila apitaye alizijua. Vijana hawakuacha kucheza, walisogea upande tu.

"Yu, mpira umeingia chumbani kwako. Ni pointi yetu au yako?"

"Njoo uutoe. Ukikanyaga wali wangu utaula na matope yake."

Walicheka, nami nikacheka nao. Kisha nikaingia ndani nikakaa nyuma ya mlango mpaka uso ulipopoa.

Ndipo wakaja watu wa ramani, waliotumwa na serikali baada ya maporomoko. Walipita nyumba kwa nyumba na utepe wa kupimia, wakipiga picha, na kila nyumba ikapewa rangi: nyekundu iliyopotea au kupoteza kiwanja, njano yenye nyufa, kijani iliyo salama. Wenye nyekundu wangepewa viwanja katika ardhi mpya ng'ambo ya mto. Mpimaji alikuwa binti mpole, Mbak Hapsari, mbak maana yake dada, viatu vimejaa tope. Juu yake alikuwapo bwana mmoja wa wilayani, mwenye kofia nyeupe, aliyeuliza maswali kama anayekemea. Aliyewaongoza alikuwa Sarkum.

Walipofika kwangu nilikuwa nimesimama na sinia la chai, kwa kuwa mgeni ni mgeni hata ukiwa unakaa uwanjani.

"Hii nayo imeguswa na maporomoko?" akauliza yule bwana.

Sarkum akatazama ukuta wa mianzi, mzima, bila alama.

"Haikuguswa, Pak."

"Afadhali hii. Kijani."

Sarkum alinitazama mara moja, kisha akatazama bilauri. Nami sikusema neno. Kwetu humkosoi mkuu wako mbele ya mkubwa wake, na wageni wamesimama mlangoni; ukifanya hivyo, aibu itakayokumbukwa ni yako. Nilingoja ajirekebishe mwenyewe. Nikawapa chai. Wakashukuru, wakapanda mlimani, wakalipima shimo langu, na kwenye ramani likaandikwa shamba la migomba.

Sababu ya Sarkum kuogopa kusema kweli niliipata kisimani, kwa mke wake. Wilaya ilikuwa imeagiza kwamba nyumba yoyote isisogezwe kabla ya kupimwa. Agizo lilimfikia Sarkum asubuhi ileile, wanaume wakiwa tayari wameinama chini ya mihimili yangu. Alilisoma kwenye simu, akaitia simu mfukoni, akaita mwendo. Kwa hilo aliniokoa. Kisha akaogopa kusema ameniokoa.

Nikaenda kwake.

"Pak, mimi nimekuwa kijani."

"Nitasema, Yu. Natafuta wakati mzuri."

"Wanaondoka Jumatano."

"Yule bwana ana hasira za karibu. Nivumilie kidogo."

"Nimemvumilia mume. Nawe pia?"

Mke wake akanimiminia chai mpaka ikafurika kwenye kisahani, maana alikuwa anatazama kwingine.

Nikaenda ukumbini, ramani ilikoning'inia. Kusoma sijui, lakini mto niliujua kwa kona yake, na kwenye kona palikuwa na kijumba kidogo cha kijani, kimekaa peke yake uwanjani. Nikamweleza Mbak Hapsari. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini, mama. Lakini siwezi kubadili rangi kwa neno la mwenye nyumba peke yake. Kila mtu angekuja. Mkuu wako aseme tu, nami nitapanda kupima leo hii."

Jumanne asubuhi nikagonga gogo la mianzi la kuitia watu. Mwanamke haligongi ila kwa moto au kifo, kwa hiyo walikuja mbio, wengine na ndoo za maji.

"Kinaungua nini?" akauliza Kang Jumingan, jirani yangu na kaka wa heshima kwa wote, mtu mnene mwenye maneno mengi.

"Hakiungui kitu. Nataka nyumba yangu irudi ilikotoka."

"Ilikotoka kuna shimo, Yu."

"Iwekeni ukingoni. Mliitoa pale, irudisheni pale. Chakula nimepika."

Hakuna aliyecheka. Anayeombwa kubeba nyumba hakatai. Hilo halijapata kutokea Wanasela. Wakateremsha vigae, wakafunga mianzi. Mbak Hapsari na yule bwana walitoka ukumbini kuja kutazama. Sarkum alikuja mwisho, akasimama mbele, mahali pake pa siku zote. Wanaume wakainyanyua nyumba, wakaiweka mabegani, wakangoja awaitie.

Sauti haikutoka. Alitazama kule shimoni, akamtazama yule bwana mwenye kofia nyeupe, na uso wake ukaiva kama pilipili.

"Pak," Jumingan akasema kutoka chini ya mhimili, "kama ni kuita, ita. Kama ni kulia, tuiteremshe kwanza. Shingo yangu si ya serikali."

Sarkum akavua kofia.

"Mbak," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "nyumba hii ilikuwa kule juu. Kiwanja kimekwenda mtoni. Mimi ndiye niliyeihamisha, na agizo lenu nilikuwa nimelisoma."

Yule bwana alimkemea pale pale, mbele ya watu wake, nyumba ikiwa bado mabegani mwao. Alimkemea kama mtoto. Sarkum alisimama ameshika kofia kwa mikono miwili. Watu wote walitazama chini, na mimi nilitazama chini. Mbak Hapsari hakungoja yaishe. Alichukua utepe wake akapanda mlimani.

Nikawa nyekundu. Nikapata kiwanja ng'ambo ya mto, na siku ya kuhamia nyumba ilibebwa kwa mara ya mwisho. Aliyeita mwendo alikuwa mtu mwingine. Walikwenda kombo, wakapumzika mara nyingi njiani. Sarkum alikuwa nyuma kabisa, bega chini ya nguzo, kama yeyote. Hakuwahi kuita tena, na mwaka uliofuata ukuu aliuacha mwenyewe.

Nilimpakulia wali siku ile, tempe ya soya na majani ya muhogo, sahani iliyojaa kuliko za wengine. Aliupokea bila kuinua macho, akaenda kula nyuma ya migomba ya jirani.

Wanawake wananisalimu. Lakini nikifika kisimani mazungumzo hupungua, na najua wanachokikumbuka. Haki ilikuwa yangu na ningegonga gogo lile tena kesho. Hata hivyo mvua ikianza, nikasikia vigae vyangu vikipigwa juu ya ardhi iliyo salama, ninachokiona ni mikono ile miwili iliyoshika kofia, nami hujifunika kanga usoni ingawa niko peke yangu.