Petronila na Picha Iliyosomwa Kinyume

Watu wa Ijumbi walimzika Petronila angali hai, jembe mkononi, akipalilia migomba yake. Mwaka ule wa 1988 mtu akikonda tu, kesi imekwisha: ana Juliana, yaani ukimwi, ule ugonjwa tulioupa jina la vitambaa vya magendo. Mumewe alikuwa amefia vitani Uganda tangu 1979, lakini hilo halikuwazuia. Walimtafutia wanaume wa kumsingizia. Mimi ni jirani yake, nilikuwa mwalimu wa shule ya pale, na naona aibu kusema kwamba nami niliamini.

Petronila alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Taraben, mama wa Kihindi mjini Bukoba. Alipopimwa damu hakukutwa na kitu. Daktari akambonyeza chini ya mbavu, akagusa uvimbe kwenye ini. Taraben alikuwa na dada Nairobi, akasema wanaondoka pamoja, na asiyetaka abaki na umbea wake.

Huko Nairobi walimchoma sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, wakamlaza chini ya kamera pana kama ungo. Daktari alimweleza taratibu. Ini lenye afya huinywa dawa hiyo, hivyo kwenye picha huonekana jeusi; penye uvimbe hubaki peupe. Siku chache baadaye wakamchoma dawa nyingine, ambayo uvimbe mkali huila kwa pupa. Pale peupe pakawa peusi tii.

"Ni uvimbe mmoja na haujasambaa," daktari akamwambia, "lakini una njaa. Tukichelewa utazaa. Nafasi ya upasuaji ni baada ya wiki tatu, usikose."

Petronila akarudi Ijumbi kumuaga binti yake Jovita, na ile picha ya kwanza kwenye bahasha. Akakuta kikao cha ukoo kimejaa sebuleni kwake, bila hata kumngoja. Aliyekiitisha ni Mushumbusi, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye jicho lake halikuwahi kutoka kwenye kibanja kile, shamba la migomba aliloachiwa Petronila na mumewe. Mimi niliitwa kuandika wosia.

Mushumbusi akaichukua picha, akainua kuelekea dirishani. Hakuna aliyemwuliza amejifunza wapi udaktari.

"Mnaona weusi huu? Ini lote limeoza," akasema. "Mama Jovita, waitu, mwenzetu, usitufiche. Toa wosia tukusikie, kibanja kirudi kwa wenyewe."

Wazee wakaguna. Kalamu yangu ilikuwa tayari, Mungu anisamehe.

Petronila akacheka. Akampokonya picha.

"Shemeji, umeisoma kinyume. Huu weusi ndio uzima wangu. Ugonjwa ni hapa peupe, padogo kama kifungo cha koti. Nakwenda kukatwa hapo."

"Na usiporudi?"

"Nikifa, Jovita ataleta maiti yangu, nanyi mtachimba kaburi pale katikati ya migomba. Nikishalala humo, nione ni nani atakayethubutu kumtoa mwanangu kibanjani. Mwalimu, andika hilo."

Mzee mmoja alicheka hadi akapaliwa na punje za kahawa alizokuwa akitafuna. Niliandika kila neno, na nilifurahi mno moyoni.

Walimpasua. Ilikuwa kazi ngumu, na siku mbili hakujua yuko wapi. Alirudi mwezi wa tatu tangu aondoke, kovu limemzunguka mbavu, amekonda kuliko alivyoondoka. Akakuta Mushumbusi amepanda maharage kona nzima ya kibanja chake, na yameshatoa maua.

Tulidhani atayang'oa. Nilikuwa nimekwisha kumtafutia jembe, kwa hasira zangu. Petronila akakaa kwenye kigoda, akayapalilia kidogo kidogo, siku hadi siku, mpaka yakakomaa. Akayavuna, akayapika na matoke, akamtuma Jovita amwite shemeji yake. Mushumbusi alikuja, sijui kwa njaa au kwa kukosa la kufanya.

"Karibu shemeji, ule," Petronila akamwambia. "Maharage ya kibanja changu yameiva vizuri mwaka huu."