Basi Lililoketi kwa Nyuma

Mume wangu walimwita Rula. Jina hilo alipewa kwenye karakana ya kuunda mabodi ya malori na mabasi, kwa sababu alikuwa anapiga mstari wa rangi ubavuni mwa lori, kutoka kichwani hadi mkiani, na ukija na rula kuupima, rula ndiyo inaaibika. Miaka ishirini na sita alifanya kazi hiyo. Nguo zake nilizifua mimi, kwa hiyo rangi za malori yote ya karakana ile nilizijua kabla hayajatoka getini.

Kisha akapatwa na kiharusi. Mungu alimrudisha kwetu, ulimi ukarudi, mguu ukarudi, lakini mkono wa kulia ukabaki unatetemeka. Siku aliporudi karakana kujaribu, alishika brashi, akaitazama inavyocheza, akairudisha kwenye kopo bila kuchora chochote. Akaja nyumbani akakaa. Mwaka mzima. Mtu aliyekuwa anatania hata kuku, akawa anajibu "sawa" na "hapana" tu.

Binti yetu wa kwanza anafanya kazi kwenye duka la uchapaji. Ndiye aliyekuja na kompyuta yao ya zamani, akaiweka juu ya meza ya kulia chakula, karibu na cherehani yangu.

"Baba," akamwambia, "humu mstari hauchorwi kwa mkono. Unaweka nukta hapa, unaweka nyingine pale, mstari unajinyoosha wenyewe. Mkono ukitetemeka katikati, shauri yake."

"Na hicho kipanya hakitacheza?"

"Kitacheza. Nukta ukiikosea unaisogeza. Hakuna rangi iliyomwagika."

Nilidhani atakataa. Akavuta kiti.

Mimi nilisoma miaka saba tu, lakini nikishona huku nikimwangalia, nikaelewa. Michoro ile haiwi na ukungu hata ukiikuza ikawa sawa na ukuta, maana kompyuta haikumbuki rangi, inakumbuka nukta. Na gari likitakiwa lionekane linakuja kwako, upande wa mbele mkubwa na wa nyuma mdogo, mistari yake yote ya ubavuni lazima ielekee mahali pamoja, mbali, pale macho yanapokomea. Mahali hapo yeye aliweka kitone chekundu, nje kabisa ya karatasi ya mchoro. Kila mstari wa kuongozea aliuvuta kutoka kwenye kitone, programu ikiushikiza hapo yenyewe hata kitone kisipoonekana kiooni, na ukishamsaidia anaufuta.

Akaanza kuchora magari ambayo hayajazaliwa. Lori lenye kioo badala ya pua. Basi la miaka hamsini ijayo, magurudumu yamefunikwa, paa lote la kuvuna jua.

"Dereva anakaa wapi?" nilimuuliza.

"Halina dereva."

"Sasa abiria watagombana na nani?"

Akacheka. Niliinamia cherehani ili asione macho yangu.

Habari zikafika karakana. Mkuu wa sasa, mtoto wa tajiri wa zamani, akapiga simu: anataka mchoro mmoja wa basi la kesho, wa kupamba ukuta wao wa mbele na wa kupeleka kwenye maonyesho. "Ukinipendeza, Mzee Rula, meza yako ipo. Utakaa uchore, wengine wapake." Alitakiwa aupeleke Ijumaa kabla ya adhuhuri.

Tangu simu ile sikupata raha. Mtu akianguka mara moja unamwinua. Akianguka mara ya pili, je? Na mimi nikiwa na wasiwasi, nafuta vumbi. Nilifuta meza, nikafuta dirisha, na Jumatano, alipokwenda kliniki kufanya mazoezi ya mkono, nikafuta na kompyuta. Aliiacha imewaka. Nilipopitisha kitambaa juu ya vitufe, niliona kitone chekundu pembeni kinaruka, kisha kikashuka kikatokomea upande wa chini wa kioo cha kompyuta. Nikaondoa mkono kama niliyeungua. Basi lenyewe lilikuwa pale pale, zuri, nusu ya mbele imekamilika. Nikajiambia hakuna kilichoharibika. Nikanyamaza.

Aliporudi alichora nusu ya nyuma hadi jua likazama.

Alhamisi asubuhi nilipompelekea chai, niliona. Madirisha yalikuwa yanakwenda vizuri, yakifika katikati yanateremka. Basi lilikuwa limeketi kwa nyuma kama mbwa anayesubiri mfupa.

Yeye alikuwa ameliona kabla yangu. Alikuwa ameketi, mikono mapajani.

"Nimepima mara tatu," alisema. "Kila mstari nimeutoa kwenye nukta. Halafu ona."

"Labda umechoka, baba watoto."

"Mkono umekwenda. Sasa na jicho linaufuata." Akachukua simu. "Nimwambie yule kijana atafute mtu mwingine, mapema, asije akaaibika."

Alikuwa anatafuta namba. Kidole kinatetemeka, kinakosea, anarudia. Nami nimesimama na kikombe, nikijua ninachokijua. Niliogopa hasira yake? Hapana, mume wangu si mtu wa hasira. Niliogopa kuwa mimi ndiye niliyemwangusha.

"Weka simu," nilisema. "Jana nilifuta vitufe. Kile kitone chako chekundu kiliruka."

"Kiliruka kwenda wapi?"

"Chini."

Akanitazama. Akageukia kioo, akaurudisha mchoro mbali, ukawa mdogo kama stempu. Kitone kilikuwa kule chini, mbali na mstari wa upeo, ule wa pale macho yanapokomea, kimetulia kama hakina kosa. Alikuwa amekiacha kimechaguliwa, hakukifunga, na kitambaa changu kikabonyeza kitufe cha mshale wa chini, kikakishusha hatua kwa hatua. Nusu ya mbele ilielekea mahali pamoja, nusu ya nyuma pengine.

"Kwa hiyo jicho langu zima?"

"Zima. Nisamehe."

"Nikusamehe nini!" Alikuwa anacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Jicho langu zima, mama watoto! Jicho lilisema ukweli, nukta ndiyo iliyodanganya!"

Alikirudisha kitone juu ya upeo, akakifunga kwa kufuli dogo la programu, kisha akaivuta mistari upya siku nzima. Mchana alikula kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye kipanya.

Ijumaa aliupeleka. Mkuu wa karakana aliukuza kwenye kioo kikubwa, akarudi nyuma hatua tano, akauliza tu: "Jumatatu unaweza kuanza?"

Sasa ni mwezi wa nane anakwenda kila asubuhi, shati safi lisilo na rangi hata tone. Namshukuru Mungu, namshukuru binti yangu, nakishukuru na kile kiti cha meza ya chakula kilichovumilia. Michoro mingine bado huimalizia nyumbani, na kabla hajaituma huniita.

"Mama watoto, njoo uone kama limesimama."

Naacha cherehani, nakwenda. Kitambaa nakiacha jikoni.