Arusi Iliyotaka Maqamu ya Saba

Kama wewe ni mtu wa kusikia jambo na kuuliza, "Sasa huyu alikuwa amekunywa nini?", nakuambia mapema: pombe sijawahi kuonja, na siku hiyo sikuwa na homa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, juu ya Menengai, ule mlima wenye shimo kubwa la volkeno, miaka ile ya hali ya hatari kabla ya uhuru. Rafiki yangu Twalib alikuwa kando yangu. Angekuwepo leo angekuhadithia upande wake. Hayupo, ndiyo maana unanisikia mimi.

Wakati huo nilikuwa fundi cherehani Nakuru, mtaa wa Bondeni. Cherehani ilinilisha, lakini roho yangu ilikuwa kwenye udi, ala ya nyuzi ambayo marehemu baba alinifundisha kupiga. Twalib alikuwa mwoka mikate, na alipiga fidla. Na alipiga, niamini! Mimi nilikuwa mpigaji wa kawaida wa arusini. Yeye ukimsikiliza, chai ilipoa mkononi bila wewe kujua. Lakini hakuwa na utulivu. Kila jioni alisimama nje ya mkahawa wa jirani yetu mmoja Mwarabu, sikio dirishani, akisikiliza redio ya Kairo. Kisha alikuja kwangu mbio kabla ya kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku.

"Umesikia yule alivyoingia Hijazi akatokea Bayati?" ananiuliza, jasho linamtoka. "Sisi hatujui kitu, ndugu yangu. Hatujui kitu!"

Kwa asiyejua, muziki wetu huu wa asili ya Kiarabu unakwenda kwa maqamu. Maqamu ni njia ambayo sauti inapita, na kila njia ina tabia yake. Kuna Rasti, imenyooka, ndiyo tunafungulia arusi. Kuna Bayati ya mapenzi, kuna Hijazi ya mtu aliye mbali na kwao. Ndani yake mna sauti zinazokaa katikati ya sauti, ambazo kinanda cha kanisani hakina. Na kila maqamu ina nyumbani kwake, ile sauti ya chini inapoanzia. Unapanda, unapanda, na huko juu unaikuta sauti ileile tena, moyo unatulia.

Isipokuwa moja. Inaitwa Saba, wala si saba ya kuhesabu. Ni maqamu ya kilio. Ukipanda na Saba, pale unapotegemea kuikuta nyumbani huko juu, unakuta imeshuka kidogo, kama mtu aliyenyosha mguu gizani akakosa ngazi. Ili upumzike, lazima urudi chini ulikotoka. Baba alinikataza kabisa kuipiga arusini.

Basi. Asubuhi moja nilikuwa kibarazani nashona, Twalib ameketi karibu anakaza nyuzi za fidla, akaja mtu. Mrefu, kanzu nyeupe, na juu yake koti la mvua la kijivu. Kiswahili chake kilikuwa safi, lakini usingeweza kusema ametoka wapi. Hakututolea salamu ya Kiislamu. Nilidhani ni haraka tu.

"Mafundi, nina arusi leo mchana," alisema. "Nyumba yangu iko juu, njia ya Menengai. Nataka udi na fidla."

"Mbona ghafla hivyo, mzee?" niliuliza.

"Siku hizi nani anapanga? Kafyu imetubana wote. Tutamaliza mapema."

Sasa sikiliza. Twalib aliinua upinde ili ajaribu uzi. Kabla upinde haujagusa, yule mtu akaiguna sauti ya uzi ule. Si baada. Kabla! Twalib akagusa, na sauti ilikuwa ileile, haikupungua wala kuzidi. Akajaribu uzi wa pili, ikawa vilevile. Mimi niliweka sindano chini. Twalib aliniangalia huku anacheka, macho yanamng'aa kama mtu aliyeona mchumba.

"Twende," alisema.

Mke wa Twalib, Zuhura, alikuwa na mimba kubwa. Alimletea koti mpaka barabarani. "Mrudi kabla ya saa kumi na mbili," alituambia. "Sitaki kuja kuwaulizia polisi na tumbo hili."

Pale mwisho wa mji palikuwa na kizuizi. Askari mmoja akatusimamisha, akafungua mfuko wa udi wangu, akachungulia ndani ya tundu lake kama aliyetegemea kukuta bunduki.

"Nyinyi wawili munaenda wapi?"

"Arusi, afande. Hapo juu."

"Hapo juu kuna arusi gani?" Alitutazama, mimi na Twalib, Twalib na mimi. "Haya. Jua ikianza kushuka, nyinyi wawili mukuwe mumerudi."

Wawili? Na yule mzee alikuwa amesimama hapo katikati yetu, bega lake karibu liguse langu. Nilitaka kusema kitu. Yeye alikuwa ameshatangulia, na Twalib nyuma yake, karibu anakimbia. Ungefanya nini wewe? Ungemwacha rafiki yako aende peke yake? Nilifuata.

Tulipofika juu, ukungu ulituangukia, ule mzito wa kule, unaoficha hata mkono wako. Ulipopungua nikaona turubai, mikeka, na watu wengi wameketi kimya. Katikati kulikuwa na bibi arusi aliyefunikwa gubigubi. Sikusikia mtoto akilia, sikusikia vigelegele. Na jambo moja lilinisumbua ambalo sikuweza kulitaja mara moja, mpaka nilipoketi na kumeza mate: hapakuwa na harufu ya chakula. Umewahi kuingia kwenye arusi isiyonuka hata kitunguu?

Tulifungua na Rasti. Hakuna aliyetikisa hata kichwa. Tukaingia Bayati. Hakuna. Walituangalia tu.

Yule mzee akasogea. "Nipigieni Saba."

"Mzee, Saba si ya arusi," nilimjibu.

"Ya arusi hii ndiyo."

Kabla sijafungua mdomo tena, Twalib alikuwa ameanza. Wallahi, sijasikia fidla kama ile mpaka leo. Wale watu wakaanza kuyumba, wote kwa pamoja, kama nyasi. Mzee akaimba, bila maneno, akapanda mpaka pale juu ambapo Saba inakosa nyumbani. Mtu yeyote angerudi chini. Yeye hakurudi. Alitoka hapo akaendelea kupanda, na Twalib akamfuata, na mimi nikawafuata, vidole vinaniuma. Kila mara nilihisi tukipanda kidogo tu tutafika, tutapumzika. Hatukufika. Nilitaka kusimama na sikuweza.

Kilichoniokoa ni uzi. Ulikatika, ukanichapa kwenye kidole gumba, damu ikatoka. Nikaacha kupiga, na hapo ndipo nikatazama. Kulikuwa na baridi kali. Mdomo wangu ulitoa moshi. Mdomo wa Twalib ulitoa moshi. Wale wengine wote, pamoja na yule aliyekuwa akiimba kwa nguvu, midomo yao haikutoa kitu.

"Twalib," nilinong'ona. "Twende zetu."

"Ngoja nifike."

Alikuwa amefumba macho, na alikuwa amesimama. Yule mzee alikuwa anarudi kinyumenyume polepole, anaimba, na Twalib anamfuata hatua kwa hatua, fidla begani.

Nilitaka kusoma aya, yoyote ile. Zote zilinikimbia, hata zile nilizofundishwa nikiwa mtoto. Kitu kimoja tu kilibaki kichwani: adhana, jinsi mwadhini wetu wa Bondeni anavyoita, kwa Rasti, imenyooka. Nikaweka vidole masikioni, nikaadhini. Sauti ilitoka mbaya, inatetemeka, lakini ilitoka. Nilisikia wale watu wakishtuka kama watu waliomwagiwa maji. Nikaendelea mpaka mwisho, nimefumba macho.

Nilipofumbua, upepo ulikuwa umepasua ukungu. Turubai, hakuna. Mikeka, hakuna. Ni majani na mawe tu. Twalib alikuwa kwenye ukingo wa shimo la Menengai, lile shimo lenyewe, mguu mmoja ameshaunyosha mahali pasipo na ardhi. Nilimrukia nikashika koti lake, tukaanguka chali.

Unadhani alinishukuru? Alinipiga ngumi ya mdomo.

"Mbona umenikatiza?" alilia, machozi yanamtiririka. "Nilikuwa nimebakisha kidogo! Kidogo tu!"

Tulishuka. Twalib aligeuka nyuma kila baada ya hatua chache.

Tangu siku hiyo hakuweza kumaliza wimbo. Alianza vizuri, kwa maqamu yoyote unayotaka, lakini fidla ilipanda tu, ikapita mahali pa kurudi, na watu waliinuka kutoka mikekani bila kujua kwa nini hawawezi kukaa. Wakaacha kumwalika. Mikate iliungua tanurini yeye akiwa amesimama mlangoni anautazama mlima. Zuhura akajifungua mtoto wa kike, Salma. Twalib akimbembeleza, mtoto alipiga mayowe mpaka mama yake amnyang'anye.

"Ongea na yeye," Zuhura aliniomba. "Wewe ni ndugu yake. Hapati usingizi, shemeji. Anazunguka ndani ya nyumba mpaka asubuhi."

Niliongea. Alinisikiliza akiwa amesimama, akaketi, akasimama tena. "Wewe ulisikia," aliniambia. "Unawezaje kushona nguo?"

Siku moja ya ukungu alitoka na fidla, koti akaliacha kwenye msumari. Vijana wa Bondeni walimtafuta, polisi wakamtafuta wakidhani ameingia msituni na wapiganaji, wakanihoji mpaka nikachoka. Hawakupata hata kiatu.

Mtoto alipoanza kutambaa, Zuhura alinitaka nimpeleke huko juu. Sikutaka, lakini ungemkatalia? Alimbeba mtoto mgongoni, tukapanda mchana. Ukungu ulikuwepo. Tulikaa kidogo, na fidla ikaanza, mbali, upande wa shimo. Zuhura aliujua mkono ule, nami niliujua. Akaita kwa nguvu zake zote, "Baba Salma! Baba Salma, njoo nyumbani!"

Fidla ikanyamaza. Niliona Zuhura akitabasamu, akinyosha shingo.

Kisha ikaanza tena, juu zaidi ya pale ilipokuwa imeachia.

Zuhura alikaza kanga iliyomshika mtoto, akageuka. Hakulia mpaka tulipofika barabarani.

Udi bado ninao. Napiga nikiwa peke yangu, nyimbo fupi, na sauti ya nyumbani naigonga mara mbili mbili ili niisikie vizuri. Usingizi wangu haujawahi kuwa mzima. Wewe nakuomba jambo moja tu. Ukipita Menengai mchana wa ukungu, ukasikia fidla tamu kuliko zote ulizowahi kusikia, usisimame kungoja mpigaji amalize. Ziba masikio, mshike mkono uliyekwenda naye, na ushuke.