Mwezi wa Kutoa Ulimi

Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijaanza kuwafundisha vijana wangu wa upishi, mimi hufuta ubao mwenyewe. Ningeweza kumwagiza mmoja wao, maana wananiheshimu, lakini sipendi mtu mwingine aguse ubao wangu. Vumbi la chaki likinipanda puani, ile harufu kavu kama ya ukuta uliopakwa chokaa jana, mate hunikauka. Kwa dakika moja nasahau kwamba mimi ni mwalimu mwenye diploma ya usimamizi wa hoteli, niliyejisomesha bila msaada wa mjomba wala mheshimiwa, nikasimamia jiko la wapishi kumi na wanne huko Ghuba, nikarudi Isiolo kujenga nyumba ya mawe. Narudi kuwa mwongo wa miaka kumi na moja. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote wa kwetu. Ninyi nawaambia kwa sababu hamtakutana nami sokoni mkaniuliza zaidi.

Nilikuwa naishi na Akko, ndivyo sisi Waborana tunavyomwita nyanya, katika mtaa wa Bulla Pesa. Wazazi wangu walikuwa na mifugo upande wa Kulamawe, na mimi niliachwa mjini nisome. Akko alikuwa mtu wa kushuku. Alinusa maziwa mara mbili kabla ya kuyanunua, na nadhani hata aliyeyaleta alimnusa. Mmeru mwenye duka alipomwamkia kwa habari ya asubuhi, Akko alijibu vizuri, kisha njia nzima akajiuliza yule mtu alitaka kujua habari zake za nini.

Mwaka huo Guyo, mtoto wa mwisho wa Akko, ambaye kwangu ni baba mdogo na alikuwa akipeleka mbuzi Nairobi kwa lori, alimwambia kwamba amepata mke. Msichana alikuwa Mturkana wa Burat aitwaye Nakiru, aliyelelewa kanisani na kuimba kwaya. Tayari alikuwa amesilimu na kupewa jina la Rahma. Akko alisema jina ni zuri, bali hajui nani yuko ndani yake. Akatoa sharti. Msichana aje akae kwetu mwezi mzima wa Ramadhani, chini ya macho yake. Akiona kweli ni Mwislamu, nikaha itafungwa baada ya Idi. Akiona vingine, atarudi Burat na Guyo atafute kwingine. Guyo alikubali, kwa sababu bila baraka ya mama yake hakuna mzee hata mmoja wa ukoo wetu ambaye angeketi kwenye nikaha hiyo.

Rahma alikuja na mfuko mmoja na mtandio mpya ambao ulikuwa bado na mikunjo ya dukani. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono isiyotulia. Siku ya pili alikuwa ameshajua kuni zipi zetu zina moshi na zipi hazina. Mimi nilimpenda, na ndiyo sababu hadithi hii hunisumbua.

Sasa lazima niwaeleze habari ya ulimi. Watoto wote wa mtaani tulikuwa na desturi moja mwezi wa Ramadhani. Ukikutana na mwenzako mchana unamwambia, "Toa ulimi." Ulimi ukiwa mweupe na mkavu, huyo amefunga. Ukiwa mwekundu na umelowa, amekula, na atazomewa mpaka kwao. Kwa watoto ulikuwa mchezo. Akko aliufanya mahakama. Kila jioni kabla ya kufuturu alituweka mimi na Rahma mlangoni penye mwanga, tukatoa ndimi, naye akaziinamia kama mtu anayekagua meno ya ngamia wa kununua. Rahma alikuwa mtu mzima mwenye umri wa kuolewa, lakini hakulalamika hata siku moja.

Mimi nilikuwa nakunywa maji. Si kila siku, lakini siku nyingi. Jua la Isiolo mnalijua, na kama hamlijui, shukuruni. Chini ya kitanda cha Akko kulikuwa na mtungi mdogo wa manjano wenye maji ya kunywa, uliowekwa kwa ajili ya futari. Nikitoka shule nilikuwa naingia, nainua mtungi, nameza mara nne au tano, kisha natoa kipande cha chaki mfukoni na kujipaka ulimi mpaka unakuwa mweupe kuliko wa sheikh. Nilikuwa na akili tangu utotoni, hilo halina ubishi.

Siku moja baada ya kunywa niliogopa kwamba siogopi. Maalim wa madrasa alikuwa ametueleza Mungu anaona hata chini ya kitanda. Nikakaa pale sakafuni, nikafumba macho kwa nguvu, nikauamuru moyo wangu uogope. Niliuamuru kama mtu anavyomwamuru punda. Haukusogea. Nilichosikia ni viatu vya Akko uani, na hapo hofu ikaja yenyewe, bila kuitwa.

Akko hakuwa amekaa bure. Alikuwa amechora mstari wa makaa kwenye ule mtungi, na akaona maji yanashuka chini ya mstari. Hakuniuliza mimi. Haikumpitia kabisa akilini kwamba mtoto wa mwanawe, damu yake, anaweza kufanya jambo hilo. Aliniita pembeni na kuniambia nimwangalie yule mgeni kwa makini, kwa sababu mtu aliyekuja kwenye dini kwa ajili ya mwanamume, mdomo wake huwa Burat hata kama kichwa kimefunikwa. Nikasema sawa, Akko. Nilikuwa nimepona, na wakati huohuo nilijua lazima nipate kitu cha kumletea.

Nilikipata baada ya siku mbili. Rahma alikuwa jikoni, lile banda la mabati nyuma ya nyumba, anapika mchuzi wa mbuzi wenye nyanya nyingi. Alichovya ncha ya kidole, akaiweka kwenye ulimi, akatulia kidogo, kisha akatema kwenye majivu na kusukutua. Niliona kila kitu, hata kutema. Nilipofika kwa Akko nilisema nimemwona akionja mchuzi. Kutema sikukutaja.

Jioni hiyo tuliitwa mlangoni mapema. Ulimi wangu ulikuwa mweupe kama ukuta. Wa Rahma ulikuwa na wekundu wa nyanya kwenye ncha. Kabla hajaurudisha kinywani aliuangalia wangu, akauangalia tena. Alikuwa amesoma shule, chaki aliijua. Nikangoja aseme.

"Nilionja chumvi tu, mama, nikatema," alimwambia Akko. "Mwalimu wetu wa darsa anasema mpishi anaruhusiwa."

Akko alimuuliza tangu lini mtu wa jana anamfundisha dini mtu aliyefunga kabla mama yake Rahma hajazaliwa. Akamuuliza na habari ya maji. Rahma alisema maji hakuyagusa, na hakunitazama aliposema hivyo. Ndipo Akko akashusha sauti, na mimi nikajua swali lenyewe limefika.

"Niambie ukweli. Wewe ulichagua dini, ama ulichagua kijana yangu?"

Jibu lilikuwa neno moja. Angesema dini, Akko angebaki na shaka yake, lakini asingekuwa na la kushika, na Guyo angekuwa wake. Hata mimi nilikuwa namsukuma kwa macho alitamke.

"Nilichagua Guyo, mama," Rahma alisema. "Hii ingine haichaguliwi. Mimi naingojea ikuje. Siku zingine inakuja, siku zingine nangojea tu."

"Basi enda uingojee kwenu," Akko alijibu.

Rahma alikunja vitu vyake kwenye ule mfuko mmoja. Kisha akaketi kwenye kizingiti, kikombe cha maji mkononi, akasubiri. Jua lilikuwa bado halijazama vizuri. Alikuwa ameshafukuzwa, hakuna aliyekuwa akimlinda tena, na ulimi wake haukuwa na hakimu. Alingoja mpaka adhana ikatoka, akasema bismillahi kwa sauti ndogo, akanywa, akaondoka. Nilimwona kwa macho yangu na sikuona chochote. Nilikuwa nafikiria sambusa.

Guyo aliporudi kutoka Nairobi hakupiga kelele. Baada ya Idi alichukua nguo zake akaenda Burat, na nikaha ikafungwa huko bila mzee yeyote wa kwetu. Akko hakukanyaga Burat mpaka anakufa, na mimi nilibaki kuwa mjukuu wake mwema.

Ilinichukua miaka mingi na bahari moja kuelewa. Ramadhani yangu ya kwanza Ghuba, mpishi mkuu, mzee mwenye ndevu nyeupe aliyefunga, alionja mchuzi mbele yetu sote, akatema, akasema uongezwe ndimu. Hakuna aliyeinua kichwa. Nilisimama pale na mwiko mkononi, nikawaza kwamba katika nyumba yetu kulikuwa na watu watatu, na aliyekaguliwa imani yake ni yule peke yake aliyekuwa akiihangaikia. Sisi wengine tuliaminiwa kwa sababu ya ukoo.

Mwaka jana nilienda Burat na gari langu, nimebeba unga, sukari na kitenge, kumwomba radhi. Nilimkuta mama mdogo Rahma shambani anang'oa vitunguu. Tulipomaliza salaam aleikum na habari za watoto, radhi ikakataa kutoka, na badala yake nikamuuliza kama ile imani aliyokuwa akiingojea ilikuja.

"Inakuja, inaenda," alisema, na akakung'uta udongo kwenye mizizi. "Na yako, mwalimu?"

Nilimwambia yangu nilizaliwa nayo. Nilisema haraka sana. Yeye alinitazama kidogo, kwa upole, bila haraka yoyote ya kuniamini, kisha akainamia kitunguu kingine.